DAFTARI LA KARIOKOR NA DAFTARI LA SIMU: NANI ANAANDIKA UNACHOSIKILIZA?



Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu msomaji, katika mwezi huu mtukufu masikio yetu yana kazi nyingi kuliko miezi mingine. Kuna kijana anayesikiliza juzuu yake ndani ya matatu akirudi nyumbani kabla ya magharibi. Kuna mama anayesikiliza darsa jikoni huku akikunja sambusa. Kuna anayelala na kisomo kikiendelea karibu na mto wake mpaka daku. Zamani mambo haya tuliyafanya kwa redio na kaseti. Siku hizi ni simu.

Sasa hebu tuulizane. Redio ilikuwa haijui nani anaisikiliza. Simu inajua. Inajua umefungua kisomo gani, saa ngapi, ukiwa wapi, na umekiacha dakika ya ngapi. Mara nyingi inayaandika hayo na kuyapeleka mahali. Daftari hilo linakaa kwa nani? Na likishaandikwa, linaweza kwenda wapi?

Swali hili si geni kwetu. Sisi wa Kariokor tunaishi juu ya daftari moja la zamani, na ni vizuri tuanzie hapo.

JINA LA MTAA WETU

Wengi wetu tunalitaja jina Kariokor kila siku bila kulifikiria. Linatokana na maneno ya Kiingereza, Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika Afrika Mashariki mwaka 1914, Waingereza walipigana na Wajerumani waliokuwa Tanganyika. Barabara hazikuwepo, farasi na nyumbu walikufa kwa mbung'o, kwa hivyo chakula na risasi vilibebwa kichwani na binadamu. Kikosi hicho kilisimamiwa na afisa aitwaye Oscar Watkins, na kambi yake ya Nairobi ilikuwa katika eneo hili letu. Kariakoo ya Dar es Salaam nayo ilipata jina lake kwa njia hiyo hiyo.

Mwanzoni walitafutwa wa kujitolea. Baadaye, hasa mwaka 1917, watu walikusanywa kwa nguvu kutoka kila upande wa nchi. Waliandikishwa na kupewa nambari. Makumi ya maelfu hawakurudi. Wengi wao hawakufa kwa risasi. Waliuawa na kuhara, malaria, baridi na njaa.

Ndugu msomaji, hapa ndipo pa kutia akilini. Daftari lile lilikuwa na kazi mbili. Kazi ya kwanza ilikuwa kumpata mtu na kumpeleka penye mzigo. Kazi ya pili ilikuwa kuhakikisha mshahara wake unamfikia yeye, au akifa, unawafikia jamaa zake. Kazi ya kwanza ilifanyika. Ya pili ilikwama kwa maelfu ya waliokufa: ikasemwa jamaa zao hawajulikani walipo, na fedha zao hazikuwafikia. Ukipita Kenyatta Avenue mjini utaona sanamu 3 za shaba za ukumbusho, na mmoja wao ni mpagazi. Sanamu ipo, lakini majina ya waliokufa huyaoni pale.

KIPANDE

Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilikuwa imeshatungwa mwaka 1915, lakini vita viliichelewesha. Vita vilipokwisha ikaanza kazi mara moja, kuanzia mwaka 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa miaka 16 alitakiwa awe na kipande. Ndani yake mlikuwa na jina lake, kabila lake, alama za vidole, jina la tajiri wake na mshahara anaolipwa. Karatasi hiyo iliwekwa ndani ya kijaluba cha chuma, na watu wakakivaa shingoni kwa kamba. Ukikutwa huna, ni kosa, faini au jela.

Wakubwa walisema kipande ni cha kumsaidia mfanyakazi, ili ajulikane na asidhulumiwe. Tuangalie kilichotokea. Mtu alipotoroka kwa tajiri mkali, kipande kilisaidia kumsaka. Alipokwenda kutafuta kazi mpya, tajiri mpya alifungua kijaluba, akaona mshahara wa zamani, akajua asiongeze sana. Karatasi ilibaki ile ile. Kilichobadilika ni mkono ulioshika karatasi na shabaha ya aliyeisoma.

Kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko makubwa ya Harry Thuku na wenzake hapa Nairobi. Alipokamatwa mwezi Machi 1922, watu walikusanyika kudai aachiliwe, polisi wakafyatua risasi na zaidi ya watu 20 wakafa. Ilibidi kungoja mpaka mwaka 1947 ndipo ikatungwa sheria ya kuandikisha watu wa rangi zote.

Sisemi kuwa kuandika watu ni haramu. Bila daftari hakuna cheti cha kuzaliwa, hakuna hospitali, hata madrasa ina rejista. Ninalosema ni hili: daftari haliishi na shabaha moja. Leo linaandikwa kwa wema, kesho linasomwa na mwingine kwa jambo lake. Ulinzi wa kweli unaanza pale pa kuamua ni kitu gani kiandikwe na kipi kisiandikwe kabisa.

REDIO NA KASETI

Sasa tuje kwenye kusikiliza. Mwaka 1954 Sauti ya Cairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili, ikiwatia moyo watu wa Afrika Mashariki wapinge ukoloni. Waingereza hawakupendezwa hata kidogo. Lakini wangefanya nini? Redio ilitaka leseni, kwa hivyo serikali iliweza kujua nani ana redio. Haikuweza kujua kutoka kwenye ile redio kwamba saa 2 usiku fulani bin fulani amegeuza kitufe kutoka stesheni ya Nairobi akaenda Cairo. Ili kujua hilo ilibidi amtume mtu akasikilize dirishani. Kazi hiyo haiwezekani kwa nyumba zote za mtaa.

Kaseti zilipokuja, mambo yalikuwa vile vile. Kisomo cha Sheikh Abdul Basit Abdul Samad na mawaidha ya masheikh wa Mombasa na Zanzibar yalitembea mkono kwa mkono. Ulinunua kanda, ukaiazima kwa jirani, jirani akairekodi upya. Hakuna aliyejua umeisikiliza mara ngapi, wala kama ulilala katikati.

Kwa hivyo vizazi vilivyotutangulia vilikuwa na sitara ya masikio bila kuiomba. Chombo chenyewe hakikuwa na uwezo wa kuandika. Sisi chombo chetu kinaandika, na sitara ile sasa lazima itengenezwe kwa makusudi.

HEDIFONI ZINAPOANDIKA

Mwaka 1999 kulikuwa na programu ya kompyuta iitwayo RealJukebox, ya kampuni ya RealNetworks ya Marekani. Mamilioni ya watu waliitumia kusikiliza muziki. Mtaalamu mmoja, Richard Smith, alichunguza kinachotoka kwenye kompyuta yake akagundua kuwa programu ile inapeleka kwa kampuni habari za nyimbo anazosikiliza, pamoja na nambari maalum ya utambulisho wake. Watumiaji hawakuwa wameambiwa. Habari ilipotoka mwezi Novemba, kampuni iliomba radhi na kutoa marekebisho.

Miaka 18 baadaye, Aprili 2017, mteja mmoja aliishtaki kampuni ya Bose katika mahakama ya Chicago. Alikuwa amenunua hedifoni za bei kubwa na kuweka programu yake kwenye simu. Alidai kuwa programu ile ilikusanya majina ya anavyosikiliza na kuyapeleka kwa kampuni nyingine bila idhini yake. Bose iliyakanusha madai hayo. Lakini sikiliza mfano ambao mawakili wake waliutumia kuonyesha uzito wa jambo lenyewe. Walisema mtu anayesikiliza ibada za Kiislamu kwa hedifoni zake, yaelekea sana kuwa ni Mwislamu.

Ndugu yangu, ukisoma hapo ndipo unaelewa. Mfano wa kwanza uliowajia mawakili wa Marekani walipotaka kueleza hatari ya orodha ya kusikiliza, ulikuwa ni sisi.

PROGRAMU ZA SWALA

Mambo hayakuishia kwenye mifano. Novemba 2020 jarida la Motherboard la Marekani lilitoa habari kuwa jeshi la nchi hiyo linanunua data za mahali walipo watu, zinazotokana na programu za kawaida za simu. Mojawapo iliyotajwa ni Muslim Pro, ambayo wengi wetu tunaijua kwa nyakati za swala, kibla na kisomo. Ilikuwa imepakuliwa zaidi ya mara milioni 98. Data ilipita kwa kampuni ya kati iliyoitwa X-Mode. Muslim Pro ilikanusha kuwa iliwauzia wanajeshi, ikatangaza kukata uhusiano na X-Mode. Januari 2021 jarida hilo hilo likataja programu nyingine, Salaat First, na kampuni ya Ufaransa, Predicio. Mwaka 2022 Google ikaondoa kwa muda programu kadhaa zilizokutwa na msimbo wa kukusanya data kwa siri, na humo zilikuwemo programu za Waislamu. Na Januari 2024 tume ya biashara ya Marekani ikaizuia kampuni iliyorithi X-Mode kuuza data zinazoonyesha watu wamekwenda mahali nyeti, zikiwemo nyumba za ibada.

Angalia njia yenyewe. Mwislamu alitoa mahali alipo ili ajue magharibi inaingia saa ngapi. Hiyo ni haja halali kabisa. Mtengenezaji wa programu akaingiza kipande cha msimbo wa kampuni nyingine ili apate fedha. Kampuni hiyo ikauza kwa ya tatu, ya tatu ikauza kwa jeshi. Ni kile kijaluba cha shingoni, ila safari hii mvaaji mwenyewe hajui kuwa amekivaa.

KWA NINI LITUHUSU SISI

Kuna atakayesema, "Mimi sina la kuficha, nasikiliza Qur'an tu." Tusijibizane haraka na huyu, tumkumbushe mwaka 2014. Mwezi Aprili ile operesheni ya Usalama Watch iliingia Eastleigh, hapa karibu yetu. Watu kwa maelfu walikamatwa, wengi wakapelekwa uwanja wa Kasarani kuhakikiwa. Wengi hawakuwa na kosa lolote. Walichukuliwa kwa mtaa wanaoishi na sura zao. Kijana wa Eastlands anajua maana ya kushukiwa kabla hujafungua mdomo.

Halafu kusikiliza si kuamini. Mwanafunzi wa chuo anaweza kusikiliza khutba ya mtu mkali kwa sababu anaandika insha ya kuipinga. Mzazi anaweza kuisikiliza ajue mwanawe anaambiwa nini. Dada anaweza kusikiliza darsa la talaka mara 6 kwa wiki, na hiyo ni siri yake na Mola wake mpaka atakapoamua kumweleza mtu. Orodha haielezi nia. Inasema tu jina la darsa, saa na idadi, kisha anayeisoma anaongeza nia kutoka kichwani mwake.

Wengine husema, "Tutaondoa majina." Haitoshi. Agosti 2006 kampuni ya AOL ilitoa hadharani maneno ambayo wateja wake kama 650,000 walitafuta kwenye intaneti. Majina yaliondolewa, kila mtu akapewa nambari. Baada ya siku chache waandishi wa gazeti la New York Times walimpata mmoja wa watu hao kwa kusoma alichotafuta. Fikiria hapa kwetu: msikilizaji nambari 212, anasikiliza kila siku baada ya alfajiri akiwa Kariokor, darsa za Kisomali, kisha anafungua tena akiwa karibu na chuo fulani. Watu wa mtaa wake wanahitaji jina la nini?

SHERIA NA ADABU

Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 31, inalinda faragha ya kila mtu. Mwaka 2019 ikapitishwa Sheria ya Kulinda Data. Mwaka huo huo serikali ilianzisha Huduma Namba. Miongoni mwa waliokwenda mahakamani kuipinga ni Nubian Rights Forum, jumuiya ya ndugu zetu Wanubi, ambao wazee wao walikuwa askari wa King's African Rifles, jeshi lile lile lililobebewa mizigo na wapagazi wa Kariokor. Januari 2020 Mahakama Kuu iliamua kuwa zoezi lile halingeweza kuendelea bila sheria na kanuni za kutosha za kulinda data.

Sheria ya 2019 inahesabu imani ya mtu kuwa ni data nyeti. Inasema data ikusanywe kwa shabaha iliyotajwa, isizidi haja, na mwenyewe ana haki ya kujua, kukataa na kudai ifutwe. Data ya mtoto inahitaji idhini ya mzazi. Faini yaweza kufika shilingi milioni 5. Si maneno matupu: mwaka 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kutoa picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi.

Na kabla ya sheria ya nchi, tuna adabu zetu. Surat al-Hujurat, aya ya 12, inakataza kupelelezana. Surat an-Nur inatufundisha tusiingie nyumba za watu mpaka tuombe ruhusa na kutoa salamu. Tulifundishwa madrasa kuwa unapiga hodi mara 3, usipojibiwa unarudi ulikotoka. Kimya si karibu. Sasa ile programu inayojaza alama ya kukubali kabla wewe hujagusa kitu, hiyo imepiga hodi saa ngapi?

UKITAKA KUHESABU, HESABU HIVI

Miongoni mwetu wako wanaosoma kompyuta, na wako wanaotamani kutengeneza programu ya darsa za misikiti yetu. Ni jambo la kheri. Na ni kweli wanahitaji kuhesabu kidogo: darsa gani linasikilizwa, sauti inakatika wapi, sheikh gani aombwe aongeze. Hayo yanawezekana bila kumwandika mtu.

Kwanza, uliza swali kabla ya kuandika. Kama unataka kujua darsa lipi linapendwa, unahitaji jumla. Huhitaji jina, nambari ya simu, wala mahali.

Pili, kilicho cha msikilizaji kibaki kwenye simu yake. Alipofikia, alichopenda, orodha yake: simu ikumbuke yenyewe, seva haina haja ya kujua.

Tatu, kinachotoka kipunguzwe makali. Badala ya saa 11 na dakika 42, andika siku tu. Utambulisho wa simu uwe nambari ya bahati nasibu inayobadilika, siku za nyuma zisiungwe na za mbele. Darsa likiwa na wasikilizaji 2 au 3 tu, usilitoe kwenye ripoti.

Nne, weka siku ya kufuta. Ukishapata jumla ya mwezi, kumbukumbu za chini yake ziende.

Tano, usiingize msimbo wa matangazo wa kampuni usiyoijua. Kumbuka X-Mode iliingia kwa mlango huo.

Iko pia hila moja nzuri ya hesabu. Mwaka 1965 mtaalamu wa takwimu, Stanley Warner, alieleza namna ya kuuliza swali la aibu bila kumfedhehesha mtu. Tuchukue namna yake nyepesi. Waulize vijana 100, "Umewahi kusinzia kwenye tarawehe?" Kila mmoja arushe sarafu kwa siri. Ikiangukia kichwa, aseme "ndiyo" hata kama si kweli. Ikiangukia upande wa pili, aseme ukweli. Wakisema "ndiyo" watu 65, unajua kama 50 walisemeshwa na sarafu. Waliobaki ni 15 kati ya 50, yaani kama asilimia 30 walisinzia. Umepata jumla, lakini hakuna hata mmoja unayeweza kumnyooshea kidole. Google kuanzia mwaka 2014 na Apple mwaka 2016 zimetangaza kutumia mbinu za jamii hii. Kama kampuni kubwa hivyo zimeweza kurusha sarafu, vijana wetu watashindwa na nini?

NA WEWE MSIKILIZAJI

Usiku huu baada ya tarawehe, chukua simu yako dakika 5. Fungua mipangilio, angalia ni programu zipi zina ruhusa ya mahali ulipo. Programu ya nyakati za swala unaweza kuichagulia mji kwa mkono, Nairobi, nayo itakupa saa zile zile. Darsa unalolipenda lipakue ulisikilize bila intaneti, hapo umerudi karibu na kaseti. Simu za wazee wetu na wadogo zetu tuwasaidie, maana wao hubonyeza "kubali" ili tu darsa lianze.

Na wewe mwenye kutengeneza, jua kuwa anayekupa sikio lake amekupa amana. Jirani na soko letu kuna makaburi ya Waislamu wa Nairobi. Wamelala pale watu ambao redio zao hazikuwahi kuwasema kwa mtu. Tuwarithishe wadogo zetu sitara hiyo hiyo.

Allah atutakabalie swaumu na visimamo vyetu, na atusitiri duniani na akhera.

Wabillahi tawfiq. Ramadhan Kareem.